Matuta ya Viazi Juu ya Baba

Jumamosi kwetu ilikuwa siku ya kufagia makaburi. Bibi alikaa kwenye mkeka kando ya mibuni, akituamrisha mimi na mama kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa na cheo jeshini, si babu.

"Hapo umeruka. Rudia. Huyo ni baba mkwe wako, si jirani."

Mama alirudia bila kujibu. Ukiolewa katika nyumba ile ulijifunza mapema kwamba wafu wana adabu zao na bibi ndiye mkaguzi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilichotaka ni kumaliza upesi niende kuchota maji na wenzangu.

Boma letu lilikuwa juu ya kilima, ukishapita Kalerwe. Babu mzaa baba alikuja Kampala kutoka kaskazini akiwa askari. Alipostaafu alipewa kipande cha msitu ambacho hakuna aliyekitaka, maana kilijaa nyani na mbu. Akafyeka, akachoma matofali, akajenga nyumba ya kwanza kilimani pale. Wenyeji walipomfuata, walikuta tayari kuna njia na kisima. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa jembe, tukalima vizazi vitatu, na bado tukaitwa wageni.

Babu alikuwa Mwislamu, bibi Mkristo, na watoto walichagua wenyewe. Kwa hiyo makaburi nayo yalikuwa na pande mbili: wa sanda kushoto, wa jeneza kulia. Baba yangu alilala kulia. Alikuwa sajenti wa polisi, akafa kwa ugonjwa wa ini mwaka mmoja kabla ya vita vilivyoiangusha serikali, na wenzake wakamjengea kaburi la saruji lenye msalaba, jina na cheo. Kando yake paliachwa nafasi ya mtu mmoja. Ndiyo desturi yetu: mume akitangulia, mke anaonyeshwa mahali pake siku ileile ya mazishi. Watu wengine huona jambo hilo ni ukatili. Mama lilimtuliza. "Angalau najua nitalala wapi," alikuwa akisema.

Mizinga ilianza kusikika upande wa barabara ya Masaka, mwanzo kama mtu anayetwanga mbali, kisha karibu. Siku mji ulipoanguka, askari wa serikali walipita chini ya kilima wakitupa magwanda kwenye mafunjo. Walioshinda wakaanza kuingia nyumba kwa nyumba wakitafuta watu wa kaskazini, kwa kuwa ndiko serikali ile ilikotoa askari wake wengi, na zaidi familia za askari na polisi. Jirani yetu Mama Nakato alikuja asubuhi na kisingizio cha kuomba chumvi. 

"Nyabo, hao watu wanasoma hata misalaba," alimwambia mama, kwa lile neno la heshima la Kiganda. "Kule bondeni wameona jina kaburini, wamechoma nyumba."

Mama akaniambia nilete nyundo.

Bibi alisimama mbele ya kaburi la baba. Sikuwahi kumwona akisimama haraka namna ile. "Ukimfuta mume wako," alisema, "utalala na nani?"

"Kwanza niwe hai, mama. Kulala baadaye."

Mama alipiga mara mbili, akaishiwa nguvu, akaketi chini akilia. Basi nyundo nikaishika mimi. Jina la baba nililivunja kwa mikono yangu, herufi kwa herufi, na nasema hivi kwa sababu nimechoka kuwasikia watu wakisema vita ndivyo vilivyoharibu. Vita havikushika nyundo. Tulivunja misalaba yote, tukabomoa saruji ya kaburi la baba, tukang'oa mawe ya upande wa sanda, tukatupa kila kitu chooni. Kisha tukainua matuta kutoka ukutani mpaka kwenye mibuni, tukapandikiza marando ya viazi vitamu. Kufikia saa kumi lilikuwa shamba.

Siku ya tatu walikuja.

Wanne, mchana. Mmoja alikuwa na ufito mrefu wa chuma. Walikuwa wakidunga udongo wa mashamba kutafuta bunduki zilizofukiwa.

"Viazi hivi vimepandwa lini?"

"Juzi, afande," mama alijibu.

"Watu wanakimbia, wewe unapanda?"

"Watoto watakula nini, afande?"

Akauchomeka ufito kwenye tuta. Ukaingia taratibu, bila kugonga kitu, mpaka ngumi yake ikagusa udongo. Chini ya ngumi ile alilala baba.

Mama hakupepesa macho.

Askari akauchomoa, akaupangusa kwenye marando. Wakachukua mbuzi na redio, wakaondoka. Mmoja akasema watarudi.

Hatukungoja warudi. Bibi alikataa kutoka. Alisema amezeeka, hana wa kumkimbia, na wale walio chini hawawezi kuachwa peke yao hasa sasa ambapo hawana hata majina. Tulimwachia ndoo mbili za maji na ndizi. Nilipogeuka njiani alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, na hakutupungia.

Tulikaa ng'ambo ya mpaka miaka minne. Tuliporudi nyumba haikuwa na paa. Mama Nakato alituambia bibi alikufa mvua za kwanza, wapita njia wakamzika hapohapo, wapi hasa yeye hakuona. Na ardhi ilikuwa na mwenyewe mpya, mtu mwenye hati, aliyeuziwa na mtu aliyeuziwa na mwingine. Alikuwa ameshaleta greda. Mibuni, kisima, ukuta, vyote vilikuwa vimesawazishwa.

Kampala ukidai kiwanja utaulizwa moja kati ya mawili: karatasi au makaburi. Karatasi za babu ziliungua pamoja na paa. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na kamati yake, akatuuliza mbele ya watu: "Mnasema hapa ni kwenu. Sawa. Makaburi iko wapi?"

Mama alinyoosha kidole kwenye nyasi tupu. Watu wakacheka. Yule mwenye hati hakucheka, na afadhali angecheka. Alitutazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mwizi mjinga.

Tuliendelea kudai miaka yote iliyofuata, tukiishi katika chumba cha kupanga Kisugu. Mwaka jana mama alianza kuugua, akaacha kabisa habari za ardhi. Alitaka jambo moja tu, azikwe kando ya mumewe. Nilikwenda nikampigia magoti mwenye hati. Akakubali nichimbe shimo moja, mbele ya kamati. Nikipata ushahidi, tutazungumza.

Nilipima kwa hatua kutoka pale nilipodhani palikuwa kona ya nyumba. Vibarua wakachimba mpaka mabegani. Mifupa ikatokea.

Nililia kwa furaha, Mungu anisamehe. Mwenyekiti alichungulia, akatikisa kichwa.

"Pole, dada. Lakini mifupa haina jina. Baada ya ile vita, hapa ukichimba popote unapata mtu. Chukua huyu, nenda naye."

Nilishuka shimoni mwenyewe. Baba alizikwa kwa jeneza la mvule lililopigiliwa misumari mirefu, niliiona ikipigiliwa. Nilipekua udongo kwa vidole. Msumari hata mmoja sikuupata. Labda alikuwa babu. Labda bibi. Labda kijana wa watu aliyetupa gwanda lake kwenye mafunjo.

Nilimfunga kwa shuka, nikapanda naye boda mpaka Kisugu. Mama alikuwa kitandani. Aliweka kiganja juu ya shuka, akaniuliza, "Ni yeye?"

"Ndiyo, mama."

"Uliona misumari?"

"Niliiona."

Akafumba macho, akanishukuru. Hakuwa amewahi kunishukuru vile maishani. Alifariki wiki ya pili yake, na niliwazika pamoja katika kaburi moja la kununua, makaburi ya mji, yeye na yule mtu. Nilifanya kama alivyoomba. Mama yangu amelala na mtu nisiyemjua.