Mlango Uliofungukia Nje

Harufu ya chuma kilichotoka kuchomelewa, ikichanganyika na rangi nyekundu ya kuzuia kutu, hunirudisha kwenye sebule yetu ya Kanyosha, mtaa ulio chini ya vilima, kabla sijapata nafasi ya kukataa. Msimu ule wa mvua kila kitu nyumbani kilinuka hivyo: viganja vyangu, kola ya sare ya shule, hata maharage, kwa kuwa Mama alikuwa anapikia barazani, hatua mbili tu kutoka kwenye mlango mpya. Nilizaliwa mwaka ule ule vita vilipoanza, kwa hiyo mimi na vita tulikuwa marika; tulijifunza kutembea pamoja. Nilipokuwa mtoto wa miaka minane nilidhani kila nchi ina vilima vinavyopiga risasi, na kila mama duniani hujua kutambua mlio, huu uko mbali, huu uko karibu, huku mikono yake ikiendelea kuchambua mchele. Sikuogopa vilima. Nilianza kuogopa siku ile mlango ulipoletwa, maana ndipo nilipoelewa kwamba wakubwa nao wanaogopa.

Mlango wetu wa kwanza ulikuwa wa mbao, umeliwa na mchwa upande wa chini hadi kuku aliweza kuingia na kutoka bila kubisha. Mtaani kwetu kila mwenye uwezo alikuwa ameshaweka mlango wa chuma. Baba, aliyekuwa karani kwenye ofisi moja ya serikali kule Kigobe, alimtafuta fundi anayeitwa Byamungu, mtu wa Uvira aliyevuka mpaka pale Gatumba akiwa na mashine yake ya kuchomelea na kofia moja ya sufu asiyoivua hata jua likiwa kali. Alikuwa mrefu, mwenye maneno mengi, na kazi yoyote iliyokwenda kombo aliimaliza kwa kucheka na kutaja jina lake mwenyewe: "Byote ni bya Mungu." Alipokuja kupima hakuwa na futi. Alipima kwa kamba, akafunga fundo kwenye urefu na fundo kwenye upana. Nilisimama karibu nikamsikia akimwuliza Mama, "Mama Kaneza, mulango ifungukie wapi?" Kaneza ni mimi. Mama alijibu haraka, kama aliyekuwa akingoja kuulizwa hivyo kwa miaka mingi: "Inje." Fundi akainua mabega, akaondoka na mafundo yake.

Mlango ulipofika, hata mimi niliona kwamba kamba si futi. Chini paliachwa nafasi ya kupitisha kiganja, na juu ukakwaruza fremu. Komeo halikukutana na tundu lake mpaka uuinue mlango kwa goti, kwa hiyo kila jioni Baba alikuwa anapiga goti moja mlangoni kama mtu anayesali kwa haraka. Rangi ilikuwa imetiririka ikagandia, na mdogo wangu Thierry, wa miaka mitatu, aliita yale matone "machozi ya mlango". Tulicheka. Mlango ni wa chuma, tuliambiana, mengine ni urembo.

Siku chache baadaye nilikuwa barazani nikicheza peke yangu. Bawaba za mlango ule zilikuwa tatu, zote upande wa nje, na katika kila moja mlikuwa na pini ya chuma, nene kama kidole changu cha mwisho. Niliishika ile ya chini kwa vidole viwili, nikaivuta juu. Ikatoka bila ubishi, kama kalamu inavyotoka kwenye kifuniko chake. Nilifurahi, sikufichi. Nikakimbia ndani kumwonyesha Mama nilichogundua.

Mama aliitazama ile pini mkononi mwangu kwa muda mrefu. Halafu akatoka, akainama, akaivuta ya katikati. Ikatoka. Akagusa ya juu, ikasogea, akairudisha chini upesi kama mtu aliyefungua barua isiyo yake. "Usimwambie mutu," akaninong'oneza. "Hata Thierry." Ndipo nikaelewa. Mtu yeyote aliyesimama nje angeweza kuchomoa pini tatu na kuubeba mlango wetu begani, sisi tukiwa ndani na komeo letu limefungwa. Tangu hapo sikuweza kupita barazani bila kuona vidole vya watu. Muuza maziwa alikuwa na vidole virefu. Mwalimu wangu pia.

Kumlalamikia fundi siku zile hakukuwa jambo dogo. Mama alipomweleza, Baba alisema tuache. Hatujui huyu mtu anaporudi kwake anakula na nani. Jirani yetu Mama Chantal, mjane ambaye mlango wake ulisifiwa mtaa mzima, alisema kama vile amesikia mawazo yetu: "Mutu wa kutengeneza mulango ni mutu wa kujua kuifungua. Muzungumze naye polepole." Mama alikaa siku mbili akifanya mazoezi ya maneno yake huku akifua. Nilimsikia akijaribu sauti ya upole, kisha ya ukali, kisha ya upole tena, akiliambia shati la Baba.

Byamungu alipokuja, upole ule wote ulimtoka.

"Fundi, hii ni mulango ao ni kifuniko ya sufuria?"

"Mama Kaneza, usinitukane mbele ya mutoto."

"Mutoto ndiye ameifungua! Kaneza, muonyeshe."

Nilivuta pini. Byamungu akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Mi nilikuuliza ifungukie wapi," akasema. "Ukasema inje. Mulango ikifungukia inje, bawaba inakaa inje. Si mi nimeitunga hiyo."

Mama akageuka, akautazama mlango. Nilishangaa, kwa sababu nilijua anayo majibu mengine. Niliyasikia pale kwenye beseni.

"Basi sawa," fundi akasema kwa sauti ya chini. "Naipeleka ku karakana, naiwekea bawaba zingine, za kujificha. Kesho saa nane iko hapa."

Akachomoa pini zote tatu kwa vidole. Haikumchukua muda wa kupiga chafya. Mama alikuwa akitazama vile vidole, nami nilikuwa nikimtazama Mama. Akaupakia mlango kwenye mkokoteni, akaenda nao kuelekea mjini, na nyumba yetu ikabaki imefumbua mdomo.

Alasiri hiyo hiyo risasi zilianza vilimani, zikashuka. Habari zilipita uzio kwa uzio: daraja la kwenda mjini limefungwa, hakuna wa kuingia wala kutoka. Baba alikuwa Kigobe, upande wa pili wa mji, na hatukuwa na njia ya kujua lolote juu yake. Fundi naye alikuwa upande wa pili. Mlango pia. Mama alitundika pazia la kitenge pale mlangoni, la maua ya manjano, na kila upepo ulipovuma pazia lilijaa tumbo kama mtu anayetaka kuingia.

Kesho saa nane ikafika, ikapita. Tulisukuma kabati hadi kwenye uwazi, lakini lilifika kifuani tu na lilikuwa jepesi, hata Thierry alilitikisa. Mama Chantal alitaka twende kulala kwake, kisha akakumbuka kwamba wadogo zake watano walikuwa wamekimbilia humo. "Nilikuambia," akamwambia Mama kupitia uzio. "Ameichukua mulango makusudi. Sasa anajua nyumba yenu iko wazi." Mama akarudi ndani, lakini mimi nilimjibu kichwani siku nzima. Labda kweli. Labda si kweli. Labda fundi hakuwa na nia mbaya mpaka Mama alipomtukana. Na Mama alimtukana kwa sababu yangu. Nilipanga hesabu ile kwa kila namna, na kila mara nilijikuta mwanzoni, nimeshika pini kwa vidole viwili na kufurahi. Laiti ningeirudisha mahali pake na kunyamaza, tungekuwa na mlango. Mlango mbaya, ndiyo. Lakini nani mwingine angejua?

Asubuhi ya siku ya tatu tulisikia milango ikipigwa kwa vitako vya bunduki juu kidogo ya mtaa. Mama alisimama katikati ya sebule akageuka taratibu, akiangalia kila kitu alichokuwa nacho. Kisha akafanya jambo ambalo kwa miaka mingi niliamini ni wazimu. Alilivuta pazia likachanika, akaliacha lining'inie kwa pembe moja. Akaangusha kabati, akapindua viti, akamwaga unga wa muhogo sakafuni na kuukanyaga kwa viatu vya Baba. Halafu akashusha sahani zake za harusi, zile ambazo hatukuruhusiwa hata kuzifuta vumbi, akazipasua moja moja ukutani. Alipomaliza alitushika mikono, akatuingiza kwenye stoo ya makaa, akarudishia ubao wa mlango wake nusu tu, kama kitu kisichofungwa kwa sababu hakina maana. Tulikaa nyuma ya magunia. Mama alimtia Thierry kipande cha mkate mdomoni na kiganja chake juu ya mkate.

Walikuwa wawili, au watatu. Hadi leo sijui walikuwa wa upande gani, na nimeacha kuuliza. Nilisikia buti zikikanyaga vipande vya sahani. Zikasimama. Niliona vumbi la makaa likicheza kwenye mwanga ulioingia pembeni mwa ubao, nikahofia kwamba linacheza kwa sababu yangu, nikaacha kuvuta pumzi. Mmoja akasema kwa Kirundi, kwa sauti ya kuchoka ya mtu aliyekuta duka limefungwa, kwamba hapa wengine wameshapita. Mwingine akapiga teke kitu, nadhani kiti. Wakatoka.

Kwa Mama Chantal waliupiga ule mlango wa sifa mpaka ukakubali. Walichukua redio, magodoro na gunia la mchele, na mmoja wa wadogo zake alivunjwa mkono. Yeye mwenyewe alikuja kwetu mchana, akakaa chini juu ya unga. "Mulango yangu ndiyo iliwaita," akasema. "Wameona chuma, wakafikiri kuna kitu." Kisha akatazama vipande vya sahani, akaanza kuviokota pamoja na Mama.

Siku ya nne daraja lilifunguliwa. Baba alirudi kwa miguu, ndevu zimeota, mzima. Saa chache baadaye ukaja mkokoteni, na nyuma yake Byamungu bila kofia yake. Jicho moja lilikuwa limevimba. Hakuwa amefika karakana. Alikamatwa darajani, na wanajeshi waliona mlango mzuri wa chuma, wakaulaza juu ya mapipa mawili ukawa kizuizi cha barabara. Walimwambia aende zake. Alikataa. "Nikienda, ningesema nini kwa Mama Kaneza?" alimwambia Baba. "Nimelala pembeni ya mulango yenu siku tatu. Wamenipiga kidogo. Wamechezea karata juu yake." Ulikuwa umekwaruzwa, na mtu alikuwa amechora juu yake kwa chaki alama za mchezo. Mama alimletea maji. Hakuweza kumtazama usoni, na mimi nilijua ni kwa nini, maana nami sikuweza.

"Lakini siku tatu nimeiangalia hii kitu," fundi akaendelea, "nikaona sisi wote ni wajinga. Dawa yake ni nyundo tu." Akauinua mlango pamoja na Baba, akarudisha pini. Kisha akaweka nyundo moja chini ya pini, na kwa nyingine akapiga kichwa chake mpaka chuma kikatanuka kama uyoga, kisiweze tena kupita kwenye bawaba. Akazibadilisha nyundo, akafanya hivyo hivyo upande wa chini. Nilihesabu. Mapigo sita kwa kila pini. Kazi nzima iliisha kabla maji yake hayajaisha kikombeni. Mapigo kumi na manane, ambayo yangeweza kupigwa siku ile nilipokimbia ndani na pini mkononi, palepale barazani, mlango ukiwa mahali pake.

Nimekuwa mtu mzima sasa, nimemaliza chuo kikuu, natafuta kazi. Vilima vya Kanyosha siku hizi vina taa za nyumba, na mtu akisikia mlio jioni huuliza ni harusi ya nani. Nadhani watu wengi wamesahau kuogopa, nami nawaonea wivu. Nikiingia nyumba ngeni bado natafuta bawaba ziko upande gani. Mwezi uliopita tuliamua kuutoa mlango ule, kwa kuwa kutu ilikuwa imekula nusu ya chini zaidi ya mchwa walivyowahi kula. Fundi kijana alijaribu kuchomoa pini kwa koleo, kisha kwa patasi, akatokwa na jasho. "Nani aliweka hizi?" akauliza. Ikambidi azikate kwa mashine ya umeme. Harufu ilipopanda, Mama aliweka chini sahani aliyokuwa anaosha.

Kijana akasimamisha mlango mpya. "Mama, ifungukie wapi?"

Mama akajifuta mikono. Akanitazama mimi. Kisha akasema, kana kwamba anaendelea na mazungumzo tuliyoyaacha jana, kwamba kabla ya kuhamia Kanyosha, vita vilipoanza, dada yake alikuwa kwenye nyumba iliyojaa watu, ikatiwa moto. Mlango wake ulifungukia ndani. Wa mbele walitaka kuuvuta, wa nyuma walikuwa wanawasukuma. "Komeo halikuwa hata limefungwa," akasema. Sikuwahi kusikia habari hiyo. Miaka yote nilidhani hofu ya nyumba yetu ilikuwa moja, ya watu wanaoingia, na kwamba mimi ndiye niliyeileta.

"Muulize huyu," Mama akamwambia fundi, akinionyesha kwa kidevu. "Ndiye amesoma."

Kijana akanigeukia. Nilifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyostahili swali la mlango. Niliona anaanza kutazama simu yake.

"Nje," nikasema. "Halafu utanipigia vichwa vya pini. Huku na huku."

Alipomaliza nikainama, nikaishika pini ya chini kwa vidole viwili, nikaivuta. Haikutoka. Nikaivuta tena.

"Nipishe," akasema Mama, akainama naye.