Mtunza Panya na Kaka Aliyeondoka

Wafanyakazi wenzake walimwita Mama Panya, naye hakuona ubaya. Miaka kumi na mmoja alikuwa akitunza panya weupe katika chumba cha chini cha jengo la utafiti. Alibadilisha maranda kwenye vizimba, akawalisha, na kila asubuhi akapima chupa mbili zilizoning'inia kwenye kila kizimba. Moja ilikuwa na maji matupu, nyingine maji yaliyotiwa pombe. Aliandika kiasi kilichopungua, basi.

Panya wa kushoto walikuwa wa kawaida. Wa kulia walizaliwa wakiwa na upungufu wa jeni moja. Mtafiti, binti mpole anayevaa koti linalompwaya, alimweleza kwamba ubongoni mna vipokezi, mfano wa vitasa vya mlango, vinavyopokea kemikali ambazo mwili wenyewe hutengeneza ili kutuliza maumivu. Pombe huziamsha kemikali hizo, na mnywaji akaona raha. Wale wa kulia hawakuwa na kitasa kimojawapo, na pombe hawakuijali sana. Wa kushoto waliinywa, na waliposumbuliwa siku kadhaa kwa kubanwa ndani ya kijibomba chembamba, wengi walizidisha.

Maneno hayo yalimchoma. Kaka yake wa pekee, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa mcheshi wa kuvunja watu mbavu. Mkewe alipofariki, akazama kwenye pombe. Dada mtu akamsema, akachoka, akamsema tena, mpaka siku moja akamwambia mbele ya watoto wa majirani kwamba hana haya. Kaka alichukua miwani yake ya kazi akaondoka, na miaka sita ikapita kimya.

Asubuhi moja, chupa ikiwa mkononi, akamuuliza mtafiti, "Kwa hiyo si suala la haya?"

"Panya si mtu, mama. Kwa mtu yapo mengi, jeni ni kipande tu," binti akajibu. Akafikiri kidogo. "Ila haya sijawahi kuiona kwenye vipimo."

Wiki hiyohiyo akaomba likizo, akaenda mji ambao alisikia kaka yake anafanyia kazi. Karakana aliipata, kaka hakumkuta. Alikuwa ameondoka miezi miwili nyuma, hakuaga. Mafundi walimkumbuka wakicheka, wakarudia vichekesho vyake, naye akacheka nao huku machozi yakimlengalenga, maana kimoja kilikuwa cha marehemu baba yao. Walimwonyesha geti ambalo kaka alilianza akaliacha nusu. Akapitisha kidole juu ya maungio, laini kama siku zote. Akaacha namba yake ya simu na ujumbe: dada alikuja kuomba radhi.

Mwezi ukapita. Kila simu iliyolia ilimrusha moyo, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Kisha adhuhuri moja, akiosha chupa, akapokea simu, akasikia pumzi anayoijua.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula. Mikono bado inatetemeka, dada. Ikitulia nitakuja."

"Njoo nayo ikitetemeka hivyohivyo."

Hadi leo kaka hajaja. Lakini tangu hapo hupiga kila Ijumaa, akasimulia kichekesho kimoja, akakata. Mama Panya hucheka, kisha hukaa ameishika simu.