Koti la Kijivu la Afande Gasana

Naanza na jina la mtu ninayemchukia, maana bila yeye nisingeshika kalamu. Anaitwa Mugenzi. Ni mzee wa kanisa hapa kwetu Batsinda, ana duka la misumari na mabati, na kila Jumapili anavaa suti ambayo, Mungu anisamehe, niliishona mimi. Mtu wa pili, ambaye ndiye habari yenyewe, ni Afande Gasana. Huyo tulimzika mwezi wa pili mwaka huu, na kwaya yake mwenyewe ikasimama pembeni ya kaburi midomo imefungwa.

Mimi ni Praxeda, fundi cherehani kutoka Bukoba. Majirani wananiita Mama Frida. Nilifika Kigali miaka kumi na moja iliyopita nikiwa na cherehani moja, mtoto mgongoni, na mume aliyekuwa ameshapotelea Kicukiro kwa mwanamke mwingine. Nilizunguka Batsinda siku mbili nikitafuta mahali pa kuweka cherehani. Kila mwenye chumba alitaka kodi ya miezi mitatu kwanza. Siku ya pili nikamkuta mwanamume mrefu mwenye mkono mmoja anapaka rangi ukuta wa nyumba yake, ndoo kaiminya katikati ya magoti. Nikamuuliza kwa Kiswahili kama anajua chumba cha bei ndogo. Akanijibu kwa Kiswahili cha jeshini.

"Hii ya mbele iko wazi. Ingiza mashine."

"Kodi kiasi gani, Afande?"

"Kodi ya nini? Ukuta nilishajenga. Ukipata nguvu, na wewe utasaidia mwingine."

Nilikaa mwaka mzima kwenye chumba kile kabla hajakubali kupokea chochote, na hata baada ya hapo ilibidi nimpe mkewe, Médiatrice, kwa siri.

Mkono wa kushoto aliuacha vitani akiwa kijana. Hakupenda kuusimulia. Ukimuuliza, alisema, "Ulitangulia kupumzika," basi. Mimi ndiye niliyekuwa namshonea mashati, na kila shati nilikata mkono wa kushoto juu ya kiwiko nikaufunga, ili asihangaike na pini. Rafiki yake mkubwa alikuwa Shyaka, mwanajeshi mwenzake, ambaye yeye alipoteza mkono wa kulia. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, mtaa mzima unapotoka kuzibua mitaro na kufyeka nyasi, wale wawili walikuja na jozi moja ya glovu. Gasana ya kulia, Shyaka ya kushoto. Walishika jembe moja pamoja na walichimba kuliko vijana wenye mikono yao kamili. Tulikuwa tunawacheka, na wao walikuwa wanacheka zaidi.

Alitoa mpaka akawa kero. Miavuli mitatu aliigawa katika msimu mmoja wa mvua. Siku moja alirudi kutoka kanisani na soksi tupu, Médiatrice akakaa chini pale pale mlangoni.

"Mimi niliolewa na stoo ya watu," aliniambia. "Kila mtu anaingia, anachukua, anaenda."

Lakini alikuwa anacheka wakati anasema.

Kitu kimoja tu Gasana hakukigawa, nacho ni koti la kijivu la Jumapili. Nilimshonea kwa kitambaa kizito kama shukrani ya kile chumba. Alilivaa kwenye kwaya ya wanaume, sauti ya chini kabisa. Mimi ni Mkatoliki, kanisa lao si langu, lakini Jumapili nikipita barabarani nilikuwa naisikia sauti ile inatoka dirishani, nikajua koti liko kazini.

Sasa nifike kwa Mugenzi.

Mwaka jana, Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, ukoo wa Mugenzi ulikuwa na sherehe ya mahari upande wa juu wa mtaa. Mahema, ng'ombe wa mahari wanaosifiwa kwa mashairi, na pombe ya ndizi ya kutosha. Kanisa lao halitaki kabisa mtu aguse pombe. Saa kumi jioni nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu nikitia pindo sketi ya shule. Nikawaona wanakuja kwa njia ya nyuma ya nyumba za jirani, ile inayopita kwenye migomba na kutokea mlangoni kwangu, ambako wageni wa sherehe hawapiti. Gasana alikuwa amembeba Mugenzi begani. Hakumshika mkono, alimbeba. Mugenzi alikuwa ameng'ang'ania kikombe, na kila hatua pombe ilimwagika kwenye koti la kijivu. Tai ilikuwa imehamia mgongoni. Walipita hatua tano kutoka kwangu. Gasana akaniangalia akatikisa kichwa, maana yake ninyamaze. Mugenzi naye alinyanyua macho akaniona.

Kesho yake Gasana akavaa lile lile koti, kwa kuwa hakuwa na lingine. Médiatrice alikuwa Kicukiro kwa binti yao aliyejifungua, hakukuwa na wa kumwambia kwamba maji aliyolipangusia hayakutosha. Waimbaji walisikia harufu. Jioni wazee wa kanisa wakakaa, wakamwita. Mchungaji akauliza ni nani alikuwa kwenye ile sherehe. Mugenzi akainua mkono, huyo huyo Mugenzi. Akasema alimwona Gasana na kikombe.

Mchungaji akamgeukia Gasana. "Ulikunywa?"

"Koti langu linanuka pombe, ni kweli," Gasana akajibu.

Wakamsimamisha miezi sita. Hakuna kwaya, hakuna meza ya Bwana, na kukaa benchi la mwisho karibu na mlango, ambalo kila mtu anajua ni la wenye adhabu.

Jumatatu, mtaa wote ukiwa umeshasikia, akaniletea koti nilifue. Nilipofungua mfuko nilitaka kupiga kelele.

"Afande, naenda kwa mchungaji sasa hivi. Niliwaona."

"Oya, hapana, Mama Frida. Kaa."

"Kwa nini nikae? Amekuuza!"

"Mugenzi iko na jina, iko na wakwe wapya. Hiyo siku moja itamuharibia maisha yote. Mimi nitapoteza nini? Miezi sita ni kidogo, jeshini nilikaa kwa mvua zaidi ya hiyo." Kisha akanitazama vizuri. "Niahidi. Mimi nikiwa hai, usiseme."

Nikaahidi. Nikalifua koti kwa sabuni ya mche mpaka maji yakawa meupe. Ushahidi wote nikaumwaga mtaroni kwa mikono yangu, mjinga mimi.

Akakaa kwenye lile benchi Jumapili ishirini. Niliambiwa alikuwa anaimba kwa ndani, midomo tu inacheza. Mugenzi alipita mbele yake kila wiki na kapu la sadaka, na Gasana akatumbukiza, na Mugenzi akasema asante. Hapo ndipo chuki yangu ilipoota mizizi. Nilipokuwa nikishona suti yake nilitamani sindano imwingie mahali.

Alhamisi moja ya mwezi wa pili, asubuhi, Gasana alikuwa ameketi kitandani anafunga kamba za viatu kwa ule mkono mmoja. Alifunga cha kulia. Cha kushoto hakukimaliza. Daktari alisema moyo.

Mchungaji akaja kumpa Médiatrice pole, akasema utaratibu ni utaratibu, marehemu alikuwa bado chini ya adhabu, kwa hiyo kanisa litakuja kama majirani. Ndiyo maana ile kwaya ilisimama makaburini midomo imefungwa, wanaume kumi na wanne waliosimama naye miaka mingi. Médiatrice akaanzisha wimbo peke yake, ukamkatikia ubeti wa pili. Mimi maneno ya Kinyarwanda ya wimbo ule siyajui, nikaimba bila maneno. Tulikuwa tumemvika lile koti la kijivu, safi kabisa.

Hapa Rwanda baada ya kuzika watu hukaa msibani siku kadhaa, kisha inakuja siku ya kuondoa matanga. Watu wanakaa chini ya hema, wanapewa soda, na mmoja mmoja anasimama kumsema marehemu. Siku hiyo ikiisha, msiba umefungwa na maneno yamefungwa. Nilijua kwamba jina la Gasana lisiposafishwa siku ile, litabaki hivyo hivyo: askari mwema aliyeishia kwenye pombe. Gasana hakuwa hai tena. Ahadi yangu ilikuwa imekwisha. Siku saba nilikanyaga cherehani nikipanga maneno, na sitasema uongo, nilikuwa napanga pia jinsi sura ya Mugenzi itakavyokuwa.

Alikuja. Alikuja na ile suti yangu. Shyaka alikuwa ameshasema habari ya glovu, watu wamecheka na kulia, ndipo Mugenzi akasimama kwa niaba ya wazee wa kanisa. Akasema Gasana alikuwa mtu wa kutoa. Akasema hakuna binadamu asiye na udhaifu. Akasema, na hapa alishusha sauti kama anatusomea Maandiko, kwamba sisi tuliobaki tujifunze kutokana na anguko lake.

Anguko lake! Nilisimama kabla hajamaliza, kiti kikaanguka.

"Mugenzi, wewe ndiye uliyelewa. Yeye alikubeba. Nilikuona, na wewe uliniona."

Kinyarwanda changu ni cha sokoni, lakini siku ile kilinitosha. Mugenzi akatabasamu.

"Tumsamehe huyu mama, iko na uchungu. Ni mgeni. Na si wa kanisa letu."

Nikaona vichwa vikiitikia. Neno la mgeni juu ya neno la mzee wa kanisa, ni nani angelichukua?

"Basi apa," nikasema.

"Mzee wa kanisa haapi."

"Apa kwamba hukuonja pombe siku ile. Si unasema kweli? Apa!"

Watu wakaanza kunong'ona. Mtu akasema nyuma, aape basi, yaishe. Mugenzi alitoa leso akapangusa shingo. Aliwatazama wakwe zake, waliokaa mstari wa pili. Alibanwa, akapandisha sauti kwa hasira, na kinywa chake kikatoa kiapo cha kwao, cha tangu alipokuwa mtu wa kawaida.

"*Gasana yampaye inka*, sikuonja!"

Gasana alinipa ng'ombe. Ndicho kiapo kikubwa cha Wanyarwanda. Mtu aliyekupa ng'ombe umekuwa wake, ndiye unayemtaja unapotaka kuaminiwa, na ukimtaja kwa uongo hakuna kiti utakachokalia ukaheshimika. Mimi sikuwa najua. Niliona tu wazee wote chini ya hema wanainua vichwa kwa pamoja.

Shyaka akasimama polepole. "Mugenzi. Umesema nani alikupa ng'ombe?"

Mugenzi alikuwa ameshika mdomo wake.

Médiatrice ndiye aliyejibu. "Ni sisi. Alikuwa ng'ombe wa maziwa mwenye doa jeupe usoni. Mtoto wa kwanza wa Mugenzi alikuwa amevimba miguu kwa kukosa maziwa. Gasana alisema tusimtangazie mtu." Akamgeukia Mugenzi. "Sasa sema tena. Mtaje tena, useme hukuonja."

Alijaribu. Midomo ilifunguka mara mbili. Kisha akakaa chini, si kwenye kiti, chini kwenye majani, na suti, akasema, "Nilikunywa mimi. Yeye alinibeba." Mkwe wake akaondoka bila kuaga mtu.

Ilikuwa tamu. Wanaosema kisasi ni kichungu hawajawahi kukila. Na mwanakwaya mmoja akasimama, mwingine akasimama, mpaka wakafika kumi na wanne, bila kumuuliza mchungaji aliyekuwa pale pale ameinamisha uso. Wakaimba wimbo uliomkatikia Médiatrice makaburini. Sehemu ya sauti ya chini kabisa waliiacha wazi, hakuna aliyeiimba, na kila mtu aliisikia.

Jumapili iliyofuata mchungaji akasoma jina la Gasana na kulirudisha, na Mugenzi akapelekwa benchi la mwisho, mwaka mzima. Nilikosa misa yangu makusudi ili niende kumtazama. Nikasimama mlangoni, nikamtazama kisogo mpaka nikashiba. Nikiwa nashiba, Médiatrice akainuka mbele, akaja na kitabu chake cha nyimbo, akakaa pembeni ya Mugenzi na kumfungulia ukurasa. Nilitoka. Asamehe yeye, alikuwa mke wa Gasana. Mimi sikusamehe na sina mpango.

Wiki iliyopita Mugenzi alikuja dukani kwangu. Nilidhani ameleta nguo, nikawa nimeandaa jibu: nguo zako sishoni, hata kifungo. Hakuwa na nguo. Alisimama pale mlangoni, mahali aliponiona siku ile kutoka begani kwa Gasana. Amekonda.

"Mama Frida," akasema, "miezi mitano nilikungoja useme. Kila Jumapili nilisema leo atasema, itaisha. Uliniona. Kwa nini ulinyamaza mpaka akafa?"

Nilitaka kumwambia niliahidi. Nilitaka kumtukana. Akangoja kidogo, akaenda zake kwa ile njia ya migombani, na mimi nikakanyaga cherehani kwa nguvu, wala hakukuwa na kitambaa chini ya sindano.