Mikono Iliyokuwa Ikiganda

Mtaani walimwita Bi Mikono. Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama, kazi aliyoianza utotoni bila kujua kuwa ni kazi, kwa sababu kaka yake alizaliwa kiziwi na yeye ndiye aliyekuwa na subira ya kumwelewa. Ukubwani akaajiriwa na hospitali. Alifanyia kazi chumbani kwake, kwenye nyumba aliyoishi na kaka yake na mke wa kaka yake. Akiketi mbele ya laptop, mgonjwa kiziwi alimwona kwenye kioo kule wodini, naye akageuza maneno ya daktari kuwa ishara, na ishara za mgonjwa kuwa maneno.

Mambo yaliharibika alipopata laptop mpya. Ilikuwa nyembamba, ya kupendeza, ila matundu ya kuchomeka waya yalikuwa haba. Akanunua kidude cha kuongezea matundu, akakiweka ubavuni mwa laptop, akachomeka humo kamera, diski ya kuhifadhia video za masomo yake, na kile kipokezi kidogo cha mausi isiyo na waya. Tangu hapo picha ikawa inakatika. Katikati ya sentensi mikono yake inaganda, na kwa kiziwi mkono ulioganda ni neno lililomezwa. Siku moja daktari alimkataza mgonjwa asinywe dawa kabla ya kula. Ishara ya kukataza ikapotea njiani, mgonjwa akaelewa kinyume chake. Bahati nzuri muuguzi alishtuka mapema. Mchana ule Bi Mikono hakuweza kula.

"Wifi inasumbua tena," alilalamika chumbani peke yake.

"Nimekusumbua nini," mke wa kaka yake akajibu kutoka jikoni, "na mimi niko na vyombo vyangu huku?"

Bi Mikono alicheka, lakini cheko lenyewe halikufika mbali.

Fundi wa intaneti alikuja, akapima, akabadilisha kisanduku cha intaneti, akawasha video kwenye simu yake. Ilicheza bila kusita. "Mama, laini yako ni safi," alisema, na alisema kweli. Hapo ndipo palipomchanganya zaidi Bi Mikono. Kama laini ni safi, uchafu uko wapi?

Kisha mkunga wa hospitali ile akampigia. Kulikuwa na mama kiziwi, mimba yake ya kwanza, mwenye presha ya kupanda na kushuka, na angejifungua wakati wowote.

"Dada, mimi nakuamini," mkunga alisema. "Lakini picha ikikatika pale, sina pa kushika. Niambie ukweli, nitafute mwingine?"

"Nipe mpaka kesho asubuhi."

Alipokata simu alitaka kufunga laptop, lakini mshale wa mausi ulikuwa unajikokota, unasimama, unaruka. Wifi yake aliingia na kikombe cha chai, akasimama kumtazama akihangaika.

"Na hiyo mausi nayo inatumia intaneti?" aliuliza.

"Haitumii."

"Mbona nayo inakwama?"

Bi Mikono aliinua uso taratibu. "Wifi, hebu rudia hilo."

Akaanza kuchomoa kitu kimoja kimoja. Alipochomoa kamera, mausi iliendelea kukwama. Alipochomoa diski, mshale ukateleza kioo kizima kama umepakwa mafuta. Akairudisha diski, mshale ukaanza tena kujikokota. Akarudia mpaka wifi yake akasema, "Basi, imekiri." Akampigia fundi, akamweleza.

"Sasa nimekuelewa," fundi alisema. "Vifaa hivyo vya kasi vinapiga kelele, ila si za kusikika kwa masikio. Ni za mawimbi, na zinaangukia palepale zinapopita intaneti na mausi. Laptop yako ni kama mtu anayenong'onezwa kando ya mashine ya kusaga. Mimi nilipima kwa simu yangu, mbali na meza, sikuona kitu."

Akamwelekeza. Diski aichomoe awapo kazini. Kile kidude akisogeze mpaka ncha ya meza, kwa waya mnene wenye kinga. Kipokezi cha mausi kichomekwe upande wa pili wa laptop kwa waya wa kurefushia, kikae karibu na mkono. Halafu intaneti aihamishie kwenye mawimbi ya juu, ambako kelele zile hazimfuati. Bi Mikono alikwenda dukani mwenyewe, akarudi, akapanga meza upya.

Wa kumpima alikuwa kaka yake, aliyekuwa kwenye karakana yake ya useremala. Bi Mikono alimpigia kwa video, akamsimulia kisa kirefu cha utotoni, mikono ikienda mbio makusudi. Kaka alitazama mpaka mwisho bila kukunja uso.

"Umeniona vizuri?" alimuuliza kwa ishara.

"Vizuri sana. Umenenepa."

Asubuhi alimwambia mkunga asitafute mtu. Simu ya wodini ilikuja kabla jua halijakolea. Mama alikuwa amelowa jasho, macho yamekwama kwenye kioo. Kichwa cha mtoto kilipotoka, sauti ya mkunga ilibadilika.

"Kamba ya kitovu imemzunguka shingoni. Mwambie asisukume. Apumue tu."

Mikono ya Bi Mikono ilisema hivyo, na ikafika. Mama alijizuia, mashavu yakivimba na kunywea, huku mkunga akiivusha kamba juu ya kichwa cha mtoto.

"Sasa, asukume."

Bi Mikono akamwambia. Mtoto akatoka mzimamzima, akapiga kelele zilizojaza chumba.

Mama aliinua mkono, akauliza kwa ishara. "Analia?"

"Analia."

"Analia vipi?"

Bi Mikono alifikiri, machozi yakimtiririka. "Kwa hasira," akajibu kwa ishara. "Kama mtu aliyekalishwa foleni kutwa, sasa anamtaka mkubwa wa ofisi."

Mama alicheka kwa mabega, mtoto kifuani. Mkunga akainama mbele ya kioo, barakoa ikining'inia shingoni.

"Dada, kuanzia leo viziwi wote wa wodi hii ni wako. Kuna kiziwi mwingine amelazwa chumba cha pili. Uko tayari?"

Bi Mikono alifuta uso, akakunja mikono ya gauni mpaka viwikoni.

"Nipeleke kwake."