Msamaha Ambao Mama Hakuuomba

Mwaka 2015 nilikuwa nakunja mashuka ya hospitali katika kiwanda cha kufulia huko Lackawanna, jirani na Buffalo. Msimamizi wetu alikuwa mwanamume mwenye sauti kubwa na kazi ndogo. Kazi yake ilikuwa kutembea na karatasi kifuani, na karatasi zenyewe ukizichungulia hazikuwa na maandishi.

Kwenye mashine ya pasi, karibu yangu, alisimama mama mmoja wa makamo kutoka milima ya Kivu ya Kusini, mtu asiyependa maneno mengi. Asubuhi moja aliona makasi ya upasuaji ndani ya shuka lililokuwa linaingia kwenye rola za moto, na vidole vya msichana aliyelisukuma vilikuwa palepale. Akabonyeza kitufe chekundu. Mashine zote zikasimama. Msimamizi akaja mbio. Makasi hakuyatazama. Alichouliza ni nani aliyetoa ruhusa. Siku hiyohiyo mama akafukuzwa.

Chama cha wafanyakazi kikalalamika, tukaanzia kwenye usuluhishi. Msuluhishi alikuja na boksi la donati, akatueleza kwamba pale hapakuwa na mshindi wala mshindwa, kulikuwa na hisia tu. Mtu amenyang'anywa kazi, yeye anazungumzia hisia na sukari imemganda kwenye ndevu.

Nilikalishwa katikati nitafsiri, maana nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania na Kiingereza nilikuwa nakimudu, na kampuni haikutaka kuita mkalimani. Msuluhishi akapendekeza mama aombe radhi kidogo tu, arudi kazini na barua ya onyo.

"Niombe pardon ya nini?" mama alisema, macho kwa msimamizi. "Donc, ningeacha ule mutoto aungue mikono? Mwambie huyu, mi naona haya juu yake. Mutu muzima, na makasi haoni!"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa naogopa kupoteza kazi yangu, na tena nilijiona fundi wa kupatanisha watu. Nikasema kwa Kiingereza, "Anasema anaona haya kwa yaliyotokea."

Msuluhishi akapiga makofi. Msimamizi akanyoosha mkono. Mama akautazama kama kitu kilichookotwa kwenye mfereji, akainuka, akaondoka. Suluhu haikupatikana, na donati zilizobaki akazimaliza msimamizi.

Miezi kadhaa baadaye shauri lilifika kwa mwamuzi, katika chumba cha mikutano cha hoteli mjini Buffalo. Huyu hakuja kubembeleza mtu; angesikiliza, kisha uamuzi wake ungezifunga pande zote. Safari hii mama aliletewa mkalimani wa kweli. Wakili wa kampuni, suti nzuri na hoja hana, akasema, "Mwenyewe alikiri kwamba anaona haya." Mwamuzi akamkatiza: ya kwenye usuluhishi hayaletwi hapa. Lakini mkalimani alikuwa ameshamnong'oneza mama, na mama akanigeukia.

Nilipoitwa kutoa ushahidi kuhusu makasi, nilianza na hilo. "Hakukiri. Maneno yale yalikuwa yangu." Nikarudia alichosema mama, neno kwa neno. Msimamizi akawa mwekundu hadi masikioni.

Mwamuzi akamuuliza, "Wewe ulikuwa wapi mashine iliposimamishwa?"

"Kwenye gari langu."

"Sasa ruhusa angeiomba kwa nani?"

Msimamizi akaanza kupekua karatasi zake, kana kwamba jibu lingekuwa humo.

Wakati wa mapumziko mama alinikuta kwenye korido. "Binti, kumbe uliniuza?"

"Nilitaka kukusaidia, Mama."

"Bon. Siku ingine usinisaidie."

Baada ya wiki chache uamuzi ukaja kwa posta: mama arudishwe kazini, bila onyo lolote. Kampuni, bila aibu, ikabandika ukutani bango la kusema usalama ni jukumu la kila mmoja, lenye picha ya msimamizi akitabasamu kando ya kitufe chekundu.

Mama alirudi Jumatatu. Akawasalimia watu mmoja mmoja, msichana wa vidole akamkumbatia, kisha akaomba apangiwe mashine ya mwisho kabisa, upande wa mlangoni, mbali nami. Mimi alinipa salamu ya kichwa tu, na ilimchukua hadi majira ya baridi kunitamkia neno.