Kitufe cha Katikati

Juzi, katika ofisi moja hapa Bariadi, tulikuwa kwenye benchi la korido tukisubiri huduma. Kati yetu na bosi kuna ukuta wa kioo, na fundi alikuwa anaufungia pazia la umeme. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo tulisikia yote.

"Kitufe cha juu kinapandisha, cha chini kinashusha," fundi alisema. "Cha katikati kinakariri sehemu moja tu unayoipenda. Likome wapi, bosi?"

Bosi akaketi kitini kupima. "Shusha. Shusha tena. Wasinione."

"Basi na wewe hutawaona."

Bosi akafikiri. "Acha nafasi pale chini. Niwaone miguu."

Fundi akashikilia kitufe cha katikati mpaka pazia likatikisika mara mbili, ishara kwamba limekariri. Akakusanya vifaa vyake, akaondoka.

Punde sauti ikatoka ndani: "Mwenye viatu vyeusi apite."

Ni mimi huyo, niliyefika wa mwisho. Pembeni yangu alikaa mzee wa Malampaka, tangu asubuhi, na katambuga zake za tairi. Aliniangalia viatu.

Nikavivua. Naye akavua katambuga, akavaa viatu vyangu, vikambana, akaingia akichechemea.

"Mwangaluka, bosi," nikamsikia.

Hiyo ni salamu ya asubuhi, na ilikuwa saa nane mchana. Lakini mzee hakukosea. Salamu yake ilifika mapema, ni viatu tu vilivyochelewa.