Mvua Tuliyoifuta

Mchezo wetu wa simu ulianguka wiki ile ile tulipouzindua. Tulikuwa wanne katika ofisi ya chumba kimoja Parklands, na kwa miaka mitatu tulikuwa tumeutengeneza: mama mboga anavuka jiji na mzigo wake kabla sukumawiki haijanyauka. Maoni ya wachezaji yakaanza kumiminika. "Simu yangu inachemka kama pasi." "Inakwama tu mvua ikianza." Nyota moja, nyota moja, nyota moja.

Mimi ni mtu wa hasira za haraka. Nilianza kuwajibu mmoja mmoja, nikiwaambia wanunue simu za maana. Mchoraji wetu, rafiki yangu tangu shule ya upili Kakamega, ndiye aliyeninyang'anya kibodi. "Buda, wacha. Hao ndio wateja." Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya chai, tulisimama na mmoja wetu akasoma malalamiko kwa sauti, bila mtu kujitetea. Nilizichukia asubuhi hizo.

Kisha tukaenda Ngara kwa fundi wa simu, tukawatazama wateja wake wakiucheza. Niliona aibu. Sisi tuliujaribu kwenye simu za bei kali, tulizojinunulia ili tuonekane watu wa teknolojia. Fundi, mama wa makamo aliyekuwa akibadilisha kioo, alituuliza bila kuinua macho, "Kwani nyinyi mlitengenezea nani hii kitu?"

Niliirudisha simu yangu ya bei kali mfukoni.

Shida ilikuwa mvua. Rafiki yangu alikuwa ameichora kwa miezi minane: inavyopiga mabati, inavyojaa mitaroni, inavyomlowesha mama mboga mabegani. Hajawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, na simu za Ngara hazikuiweza. Tuliipunguza, bado zikakwama. Ama mvua iondoke, ama tufunge ofisi.

Kumwambia ilikuwa kazi yangu. Nilimkwepa siku mbili, nikijifanya nina mikutano mtaa wa Karen. Siku ya tatu nilimkuta mbele ya kompyuta yake.

"Nimeitoa mvua," akasema. "Jaribu sasa."

Mchezo ulikwenda bila kukwama hata kidogo. Nilishangilia kama mwendawazimu, nikawakumbatia wale wenzetu wawili, wala sikumtazama yeye.

Wachezaji walirudi pole pole, na ofisi ipo mpaka leo. Yeye aliacha kazi baada ya miezi miwili. Siku hizi anafundisha watoto kuchora.

Mwezi uliopita nilimpigia. Nilimwambia simu za bei nafuu sasa zina nguvu, atutumie ile mvua tuirudishe.

Akajibu, "Haiko, bro. Nilifuta faili zote, hata nakala. Ningebaki na moja, ningeirudisha siku ile ile niliyoitoa."

Nililia nikiwa bado nimeshika simu. Siku ile mimi nikishangilia, yeye alikuwa ametoka kuizika kazi yake, na sikumpa hata pole.